Paka Hakwenda kwa Shangazi

Shikamoo Bibi, naomba unishike mkono maana uongo nilioutunga kwa dakika moja umenishinda kuubeba. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, nina binti wa miaka sita, na tulikuwa na paka tukimwita Bosi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulalia nguo za wateja na kututazama tunavyohangaika, sasa wiki tatu zilizopita nikiwa namalizia sare za shule niliacha sindano ya mkono na uzi wake mkekani nikaenda kumfungulia mteja, kumbe Bosi akaumeza uzi na sindano yake, kesho yake akagoma kula, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo, akafia mezani. Mume wangu akamzika nyuma ya tangi la maji mtoto akiwa shuleni, na mtoto aliporudi akiuliza, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Bosi amehamia kwa shangazi yako, kule kuna panya wengi." Mtoto akataka simu. Nikamtonya wifi yangu, naye kwa huruma akalia nyau, mtoto akanirudishia simu, "Mama, huyu ni shangazi." Tangu hapo haulizi tena, ila nimemsikia akimwambia mwanasesere wake, "Ukimvuta mtu mkia, utapelekwa kwa shangazi," na juzi nilipotaja kwenda kumsalimu wifi, aling'ang'ania mlango akilia, "Nitakuwa na adabu, msinipeleke!" Mume wangu anasema tutafute paka wa kufanana naye, mtoto atasahau. Bibi, nifanyeje?

Fundi Niliyekwama

*

Mwanangu fundi, pole. Nimesomewa barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hapo kwenye nyau. Mara ya pili sikucheka.

Hujasikia mtoto anakwambia nini? Alimvuta paka mkia, paka akatoweka bila kuagwa. Kwa hiyo nyumbani kwenu anayekosea huhamishwa, naye anangoja zamu yake. Miaka sita, na anaishi kama mpangaji aliyepewa notisi! Tena tusizungushane: ulichoficha ni sindano. Unaogopa atakuchukia. Mficha uchi hazai, mama.

Leo akitoka shule mpakate, useme, "Bosi amekufa." Neno lenyewe hilo. Usiseme amelala, ataogopa kitanda. Usiseme amesafiri, safari umeshaziona. Umwambie mkia hauui paka, na kwamba yeye hakumfukuza mtu. Kisha meza mate useme, "Niliacha sindano chini, akaimeza. Sikukusudia, na inaniuma." Atakasirika. Huenda akakupiga vingumi. Vipokee, vya miaka sita havivunji mbavu. Na machozi yakikujia usikimbilie jikoni kuyaficha, alie na mtu.

Halafu mpeleke nyuma ya tangi. Achague jiwe mwenyewe, aliweke mwenyewe, hata likiwa baya. Atauliza kama Bosi anasikia baridi. Mjibu, "Hapana, aliyekufa hasikii baridi." Atauliza tena kesho akiwa anakula, na keshokutwa akiwa chooni. Jibu ni lile lile, na usichoke kabla yake.

Wewe baba mtu, umefanya vyema kumzika, sasa tulia. Paka si zipu, ikikatika unabandika nyingine. Siku mtoto akitaka paka atasema mwenyewe, na huyo atakuwa na jina lake. Wifi naye apige simu amwombe mtoto radhi kwa ile nyau, mtu mzima na akili zake! Kwake msiende mpaka mtoto atake, na mkienda, nendeni wote watatu, mrudi wote watatu, na mtoto aione nguo yake ya kurudia ikiingia kwenye begi.

Jingine. Tafuta kopo lenye mfuniko, sindano zote zikae humo. Kila ukimaliza kazi, ukague mkeka na binti yako akitazama. Usimwachie yeye kazi hiyo, kosa ni lako. Yeye aone tu kwamba mama akikosea anasema, anatengeneza, na hakuna anayehamishwa.

Mwanangu, hujaua kwa roho mbaya, na mtoto aliyetaka kuongea na paka wake kwenye simu amelelewa na mtu anayejua kupenda. Sasa funika hiyo cherehani, sare za watu zitangoja. Kamsubiri getini.