Raphaël, Bakuli Lako la Alhamisi

Mwaka umetimia, Baba Rosette, tangu asubuhi ile ulipoacha kuitika jina lako hapa nyumbani Baraka. Cherehani yako ingali barazani, imefunikwa kitambaa, na watu wanaopita njiani bado wanageuza shingo.

Wewe Raphaël uliwashonea watoto wa shule sare kwa miaka mingi. Kansa ya tumbo ilipokukamata, ukawafungulia baraza hiyohiyo kila Alhamisi wenzako wenye kansa, kutoka Nundu mpaka Lubondja. Dawa ya kupeana hamkuwa nayo. Mlikaa tu pamoja. Ulikataza mtu kumwuliza mwenzake atapona lini. Wewe uliuliza: "Leo umeweza kula nini?" na jibu lolote ulilipokea.

Mwenzako wa Alhamisi, Anastasie, alipokatwa titi, ulimshonea kifuko cha pamba ndani ya blauzi yake ya bluu. Akajitazama, akapiga kelele: "Baba Rosette, hii inapita ile Mungu alinipa!"

"Basi usimuambie Padri," ukamjibu. Baraza zima likacheka, hata wale ambao kucheka kuliwauma.

Uliposhindwa kutoka kitandani, wewe mwenyewe humezi hata uji, bado ulimtuma mke wako Adolphine kila Alhamisi ampelekee Anastasie bakuli la sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Bakuli la mtu halirudishwi tupu. Anastasie alitia ndimu za mti wake, na majani yake juu.

Halafu Anastasie akafa. Adolphine na binti zako wakapatana wakufiche, wasikuongezee ugonjwa. Ulikuwa umebaki mifupa. Alhamisi tatu Adolphine alitoka na bakuli, akawapa chakula waliokuwa matangani, akapita sokoni kununua ndimu, akarudi akisema, "Anakusalimia." Kila mara aliomba msamaha wa Mungu njiani kwa uongo huo, na kila mara aliusema tena.

Alhamisi ya nne, aliporudi, ulishika ndimu moja ukaizungusha mkononi.

"Mama Rosette, hizi ni za soko. Hazina majani. Alikufa siku gani?"

Adolphine aliweka bakuli chini. "Inapita wiki tatu sasa."

"Balimuzika na blauzi gani?"

Hakujua. Siku ya mazishi hakwenda. Alikuwa hapa mlangoni, akizuia wageni wasije wakakuambia.

"Sisi ba Alhamisi tulipatana," ulisema, "mwenye kutangulia, wenzake bamulilie. Mulininyima kilio changu, Mama Rosette."

Ukageukia ukutani. Alikaa kando yako na rozari mkononi, asiweze hata kuianza. Jua lilipopungua ndipo uliposema tena: "Alhamisi ijayo bakuli iende kwa Georgette. Ule mama wa Lubondja, mupya. Na usimudanganye." Siku tisa baadaye ulituacha.

Mwaka mzima Adolphine amelipeleka. Maneno yako hana. Akifika anauliza kama ulivyouliza wewe, kisha anakaa. Alhamisi iliyopita Georgette alijibu, "Maji kidogo." Bakuli lilirudi na sombe yake yote. Adolphine aliliweka mezani. Hakuna alichoweza kufanya, wala sisi hatujui la kufanya. Tunasali, na ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Mara hii hatukufichi kitu, Baba Rosette. Jérémie, yule aliyekuwa akikaa karibu na cherehani, alikufa mwezi uliopita. Alizikwa na koti ulilomshonea, na wenzake wote walikuwepo wakamlilia. Georgette amezidiwa. Misa yako ni Alhamisi hii, saa kumi na mbili asubuhi, na Anastasie atatajwa pamoja nawe.

Blauzi ilikuwa ile ya bluu, na kifuko chake ndani. Adolphine alikwenda kuuliza.

Wanaokukumbuka: mke wako Adolphine, binti zako Rosette na Arlette, mkwe wako Willy, ndugu yako Fabien aliye Lubondja, wajukuu wote, na wenzako wa Alhamisi waliobaki.

Siku zote tutakutaja, wala hatutakusahau.