Mkate wa Mtakatifu Nikola

Kando ya Mto Morava,
26 Februari 1997

Kwa kaka yangu Miodrag,

Pokea salamu zetu, wewe, wifi na watoto. Natumaini ile homa uliyoitaja kwenye simu imekwisha na baridi ya Vienna imelegea kidogo. Sisi tu wazima. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi tu, ila lifti ya jengo bado mbovu, kwa hiyo linamsumbua kila siku. Mimi bado nipo duka la dawa. Nimekawia kukuandikia kwa sababu sikutaka kukupa habari nusu. Sasa mambo yamefika mwisho, nami nimepitia shajara yangu nisije nikachanganya tarehe.

Kwenye simu hukumuulizia baba, nami sikukulazimisha. Tangu ulipokataa kwenda vitani mwaka 1991 ukakimbilia Vienna, yeye pia hakulitaja jina lako. Lakini barua hii haiwezi kumkwepa.

Umesikia kwamba Novemba upinzani ulishinda halmashauri ya mji wetu, kisha tume ya uchaguzi ikafuta kura kwa madai ya kasoro. Usilojua ni kwamba mwenyekiti wa tume alikuwa baba. Sahihi yake ilibandikwa mlangoni pa halmashauri, na mji mzima ukaenda kuitazama.

Kuanzia tarehe 21 Novemba watu walitembea kila jioni baada ya kazi, na filimbi na masufuria. Saa moja unusu, taarifa ya habari ya serikali ilipoanza, waligonga masufuria mpaka ilipokwisha. Hawakuvunja hata kioo. Walisimama chini ya dirisha letu kuliko mahali pengine popote. Tihomir, fundi bati wa mtaa wa pili, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa: “Mzee Sveto, vidole vya kuhesabia kura vimekuishia? Shuka tukuazime vyetu!” Baba alikuwa akiongeza sauti ya televisheni. Mama akamwambia kwamba sasa na yeye anapiga kelele pamoja nao.

Baba alisema watachoka theluji ikianguka. Theluji ilianguka, wakaongezeka. Dukani walimuuzia mkate bila kumjibu salamu. Wenzake wa Chama walimpigia simu kumsifu, lakini nyumbani hawakuja.

Ndipo ikafika tarehe 19 Desemba, Mtakatifu Nikola, sikukuu ya nyumba yetu, ambayo baba aliirithi kwa babu. Mama alipika kama kawaida: mkate wa sikukuu, ngano ya kuchemsha, na samaki na maharage kwa sababu ya mfungo wa kabla ya Noeli. Baba alivaa suti, akawasha mshumaa, akasimama kando ya meza. Siku hiyo hatualiki mtu wala hatumfukuzi anayekuja, na mwenye nyumba haketi mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Mpaka jua linazama hakuwa amekuja mtu. Mama alimwomba aketi. Akajibu kwamba siku haijaisha.

Jioni wakaja watembeaji. Nilichungulia dirishani nikaona Tihomir amebeba trei mbili za mayai, na si mayai ya kupika. Alipoinua macho akauona mshumaa. Akawanyamazisha wenzake kwa mkono, akasema leo kwa Sveto ni sikukuu. Kijana mmoja akafoka, “Sasa mayai tumenunulia nini?” Bosiljka, yule mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, akamjibu kwamba anayetaka kuurushia yai mshumaa wa mtakatifu aanze, yeye atamshikia kofia. Hakuna aliyeanza.

Tihomir akapanda. Mlangoni alivua kofia, akatutakia heri ya sikukuu, akampa mama trei zote mbili kama zawadi. Mama alimwangalia, akamwuliza, “Mayai, mwanangu, katika mfungo?” Tihomir aliiva uso kama nyanya. Mayai yakaenda baridini kwenye roshani kungojea Noeli, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima kusikia kicheko nyumbani kwetu.

Baba alimwambia karibu. Asingeweza kusema lingine. Basi wakapanda wote, kumi kumi, mstari ukashuka ngazi mpaka barabarani. Nilisikia wakitaniana, “Acha kusukuma, ndugu, hapa hawagawi mafuta ya kupikia!” Kila mmoja alikula kijiko cha ngano, akafanya ishara ya msalaba, akampongeza baba, akanywa kikombe kidogo cha pombe yetu kali, rakija. Ngano ilipokwisha, majirani walileta yao. Wanawake wawili nisiowajua waliosha vikombe. Kuhusu kura hakuna aliyetia neno. Ukiwa mgeni humtukani mwenye nyumba mbele ya mshumaa wake.

Baba alimimina, hakuketi hata mara moja. Nilimtazama, alikuwa akingoja. Baadaye alimwambia mama kwamba angepata mmoja tu wa kumtukana angemtoa nje, na mambo yangekuwa rahisi. “Hata mmoja, Mileva,” alisema. “Hata Tihomir.”

Asubuhi alikwenda mahakamani bila kutuaga. Alieleza kwamba hakukuwa na kasoro yoyote, kwamba karatasi aliletewa imekwisha kuandikwa, naye akatia sahihi. Wiki hiyohiyo alifutwa kazi na Chama kikamfukuza. Watu waliendelea kutembea, maana hawakuwa wakitembea kwa ajili yake tu. Katikati ya Januari mahakama ilirudisha kura, na juzi halmashauri mpya imeapishwa. Tihomir ni diwani. Ameanza kulalamikiwa kuhusu taka.

Baba hakuna anayemshangilia, naye hatarajii. Dukani wanamjibu salamu.

Sasa, kaka, nifikie jambo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia. Ndani ya kifurushi hiki utakuta kitambaa cheupe, na ndani yake kipande cha mkate wa sikukuu kilichokauka kama ubao. Baba alikikata usiku ule, wageni wakiwa bado mezani, akakificha nyuma ya picha ya mtakatifu. Nilikigundua jana, aliponipa. Unajua maana ya baba kumpa mwanawe mkate huo. Anasema kuanzia mwaka huu Mtakatifu Nikola ni wako, na mshumaa utawaka kwako. Nilimwuliza niandike nini. Alifikiri sana, kisha akasema niandike kwamba mwaka 1991 ulikataa kufanya ulichoamriwa, na yeye imemchukua miaka mitano zaidi.

Hakuniomba nikushawishi. Kama hukitaki, kirudishe tu, hatauliza sababu. Nimempa anwani yako, lakini juu ya kifurushi ameniachia mimi niandike jina. Anahofia ukiuona mwandiko wake hutakifungua.

Mama anakubusu na anataka kujua viatu vya watoto ni namba ngapi. Msalimie sana wifi.

Ni mimi dada yako,
Olivera