Mikono ya Rahmo

Garissa, Mei 1966

Mama mkwe mpendwa,

Mwanao Ndirangu hajambo, yuko doria na askari wenzake. Ndui imepungua, na Rahmo, mkandaji wa wajawazito, amefungua tena. Kwanza tunamwonyesha uso na viganja juani, aone kama hatuna vipele, kisha tunaingia mmoja mmoja, kila mtu na samli yake ya kukandiwa. Rahmo hunawa kwa maji ya moto na sabuni, kisha huifukiza mikono ubani.

Mwanawe alichukuliwa na askari mwezi jana, wakimshuku ni shifta.

“Bwana yako askari?” aliniuliza.

Nikaitikia. Alipasha mikono moto nisishtuke, akamgeuza mtoto wangu aliyekuwa amekaa vibaya tumboni.

Akizaliwa msichana, najua kwa mila yetu jina ni lako. Naomba limngoje wa pili, Mama. Huyu ni Rahmo.

Mkazamwana wako,
Njoki