Siku Uliposema Unaogopa Wodi

Mtani wangu Shomari,

Nimehamishiwa hospitali ya Isikizya. Huku mtu akikohoa hakuna anayegeuka tena, na madaktari wapya wanaisimulia korona kama vile ilipita nchi ya watu wengine. Mimi nanyamaza. Nikianza tu nitakutaja wewe, na nikikutaja wataniuliza ulikufaje.

Asubuhi ile nilikukuta kwenye ngazi za chumba cha kufulia, koti umelikunja magotini. Siku ya tisa bila mapumziko. Jana yake tulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa watatu, na wewe ndiye uliyechagua. Ukaniambia, "Kabula, naogopa kuingia wodini. Miguu haitaki."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikasema Wazaramo ndivyo mlivyo, kazi mnaikimbia, ingekuwa ngoma miguu ingetaka. Tangu uje Tabora tulikuwa hivyo, mimi Mnyamwezi na wewe Mzaramo, utani wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Uliniita mpagazi mbele ya wagonjwa. Mimi nilikula chakula chako sahani nzima, nawe hukununa. Tulizoea mno kucheka, hata neno la kweli likakosa pa kupita.

Ukacheka nawe, ukanyanyuka, ukaingia. Kumbe ulikuwa na homa kwa siku ya pili na hukumwambia mtu. Wiki ile ile ukalazwa kwenye wodi yako mwenyewe, hukutoka.

Msibani tulikuwa wachache, kila mtu kasimama mbali na mwenzake. Kazi ya mtani pale unaijua. Nilitakiwa nizuie jeneza lisitoke uani, nidai kuku wangu, niige mwendo wako wa madaha, wafiwa wapate kucheka kidogo. Nilishindwa, Shomari. Nilisimama tu kama mgeni. Mama yako, aliyewahi basi kutoka Kisarawe, akanifuata akasema, "Mtani, mbona umetunyima?" Ningemwambiaje kwamba utani wangu niliumaliza pale kwenye ngazi?

Mwezi uliopita nami yalinikuta. Nilifika mlangoni mwa wodi, mkono ukakataa kusukuma mlango. Mganga mfawidhi wetu ni Mgogo, naye mtani wangu, akaanza kunichokoza kwamba Wanyamwezi bila mzigo kichwani hawatembei. Nikamwambia, leo sitanii, siwezi kuingia. Akachukua mafaili mkononi mwangu, akaingia yeye.

Basi. Ilikuwa rahisi hivyo, na mimi sikukufanyia.

Sikuombi unisamehe, maana huna namna ya kunijibu. Ila nakuahidi, kabla ya mvua nitakwenda Kisarawe nimweleze mama yako ulichoniambia asubuhi ile na nilichokujibu, neno kwa neno. Akinifukuza nitaondoka. Lakini ajue kwamba mwanawe alisema.

Pumzika, mtani.

Kabula