Miaka Arobaini na Mitatu Iliyobaki

Jumatatu, 11 Novemba 1985

Baada ya kupandisha bendera Okito amenifuata hadi darasani. Huyu ndiye mkubwa wa chama mtaani kwetu. Alibatizwa Donatien, lakini majina ya ubatizo yamekatazwa, basi lake naliandika hapa kwa raha zangu. Donatien! Donatien!

Anataka mimi, mwalimu wa historia, nimwandikie wafalme wa Uingereza na miaka waliyotawala. Tarehe 24 Kiongozi wa nchi anatimiza miaka ishirini kitini. Orodha itaandikwa kwa rangi kwenye kibao, ukuta wa shule, upande wa barabara. Watu waone amewapita wangapi.

“Citoyenne Mbambu, ile kazi njo ya heshima,” amesema. Bwana na Bibi nayo yamekatazwa, sote ni raia: citoyen, citoyenne. Nina madaftari hamsini ya kusahihisha. Heshima!

Alhamisi, 14 Novemba

Nimefungua kitabu cha zamani cha masista, cha Kifaransa. Mende wamekula pembe zake, lakini tarehe zimepona.

Jane – siku tisa! Maskini, hata kiti hakijapata joto. Édouard wa Nane hakumaliza mwaka, aliacha ufalme kwa ajili ya mwanamke. Guillaume wa Nne, miaka saba. Georges wa Sita, kumi na mitano. Hao tumewapita. Halafu: Élisabeth wa Kwanza, arobaini na minne. Henri wa Tatu, hamsini na sita. Georges wa Tatu, hamsini na tisa – akili zilikuwa zimeshamtoka, na bado mfalme. Victoria, sitini na mitatu!

Mimi nilikuwa na miaka tisa huyu wetu alipoingia. Nikifikiri hivyo nasikia hasira, na hasira yenyewe sina pa kuiweka ila hapa.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilidhani Okito atanuna kuona jinsi miaka ishirini ilivyo michache. Amefurahi! Ameshusha kidole jina kwa jina, akafika kwa Victoria, akauliza inabaki mingapi kumfikia. Arobaini na mitatu, nikamjibu.

“Basi tutie na ile! Watu waone safari iko mbele!”

Kwa hiyo kibao kitakuwa na safu ya tatu: IMEBAKI. Mtu yeyote anayepanga foleni ya chumvi anajua safu hiyo itasomwa vipi. Yeye hajui. Na mimi sikumzuia. Niandike ukweli: nilimpa hesabu, nikanyamaza, nikacheka moyoni.

Jumapili, 24 Novemba

Kibao cha kijani, herufi nyeupe. Wanafunzi wamecheza na kumwimbia Kiongozi tangu saa moja asubuhi, wengine hawajala. Okito amesoma kwenye kipaza sauti, mfalme mmoja mmoja. Kwa Jane watu walicheka naye. Kwa Henri walipungua kucheka. Kwa Victoria akapaza sauti: imebaki miaka arobaini na mitatu!

Akangoja makofi. Hayakuja.

Nyuma yangu mama mmoja muuza majani ya sombe: “Yee Mungu wangu! Makumi ine na tatu tena?” Hakutaka kusikika. Alisikika hadi jukwaani. Watu wote wakashikwa na kikohozi kwa pamoja.

Jumatatu, 25 Novemba

Asubuhi tumekuta maneno yaliyoandikwa kwa kaa jeusi la jikoni, pembeni ya namba 43: Mungu aepushe.

Maneno mawili tu! Bulaimu, prefe wetu, mkuu wa shule, ameyafuta kwa kiganja, akajipaka weusi hadi kwenye kiwiko. Amechelewa. Okito alikuwa amekwisha kumleta mpiga picha wa arusi, na picha imepigwa.

Nimeutambua mwandiko saa ile ile. Herufi zinalalia kushoto. Kwa namna hiyo anaandika Jamila peke yake, wa mwaka wa sita, anayevuka mto kwa pirogue kila siku kutoka Alunguli, ng'ambo. Alianza kuandika chuo cha Kurani, kutoka kulia kwenda kushoto, na mkono haukusahau. Sijapata kufundisha kichwa kama chake.

Jumanne, 26 Novemba

Okito kaja na picha. “Maandiko ya watoto wote unayajua. Siku ya Ijumaa utaleta jina. Ukikosa jina, kazi nayo hauna.” Na mwenye jina atafukuzwa, asipokewe shule nyingine yoyote. Jamila ana mtihani wa serikali mwezi wa sita!

Bulaimu kanivuta pembeni. Nimtaje Déo, aliyeacha shule mwaka jana. “Alishaenda mbali, kule Kama, anachimba dhahabu. Hawatamuona.”

Na mama yake Déo, nikamuuliza, naye kaenda Kama? Bulaimu akaenda kupiga kengele. Si mtu mbaya, ana watoto saba na woga wa watu kumi.

Sitamtaja Déo. Sitamtaja mtu.

Jumatano, 27 Novemba

Wakati wa mapumziko Jamila ameingia, amefunga mlango.

“Mwalimu, njo mimi niliandika. Nitaenda kwa Okito, nitasema.”

Nikamuuliza kwa nini aliandika.

“Nilipiga hesabu tu. Niko na kumi na nane. Ile miaka ikiisha, nitakuwa na makumi sita na moja.”

Nikapiga na yangu. Miye mwenyewe sabini na miwili! Nikamwambia afunge mdomo, arudi kwenye hesabu zake nyingine, asifike hata karibu na nyumba ya chama. Alilia. Nami nililia, lakini baada ya yeye kutoka.

Kibao kile ni hesabu yangu. Ukimya wangu ndio uliokipandisha ukutani. Nilipocheka sikuwaza atakayelipa.

Ijumaa, 29 Novemba

Saa tatu. Niko kwenye benchi, nyumba ya chama. Kaka yangu Fortunat kaegesha lori lake nje, anasali. Daftari hili nitamwachia yeye kabla ya kuingia. Kasema nifikiri tena. Nimefikiri siku tatu, kufikiri kumekwisha.

Nitawaambia ni mimi. Hawataniamini: wote wanajua mwandiko wangu umesimama wima, masista waliunyosha kwa rula. Kupitia dirisha nauona ubao mezani, kipande cha kaa, na ile picha. Watataka niandike mbele yao.

Waniandikishe! Tangu jana najifunza kuzilaza herufi kushoto.

Mungu aepushe.

Mungu aepushe. – g bado imesimama.

Mungu aepushe. – sasa inalala.

Mlango umefunguka. Okito anasema mwalimu aingie. Namwomba dakika moja, citoyen. Moja tu. Fortunat anakuja kuchukua daftari –

Mungu aepushe.

Hiyo. Hiyo njo yenyewe.