Nundu ya Bibi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, ila Bibi ana nundu kwenye paji la uso. Baba amekuambia aliteleza. Hakuteleza.

Barua yako kuhusu panya wa maabara nimeisoma mara tatu. Ulisema mkizuia kemikali fulani kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotengeneza kumbukumbu mpya, panya akitiwa kwenye beseni la maji bado huogelea hadi kwenye kijukwaa alichokizoea. Mkikihamisha, hajifunzi mahali papya. Anakitafuta palepale pa zamani.

Nilielewa nimeshachelewa. Jumamosi nilihamishia kitanda cha Bibi dirishani, apate hewa. Nilimwonyesha mlango mara kumi. Jumatatu aliamka, akageukia kulia kama miaka yote, akajigonga ukutani.

Kitanda nimekirudisha. Jana alikuja jikoni mwenyewe, anajipapasa. "Mke mwenzangu, nundu hii nimeitoa wapi?"

Nikamwambia ni mimi, nilihamisha kitanda.

"Ahaa! Ulitaka nife, ubaki na Babu peke yako!" Akacheka mpaka akakohoa, akasema yamekwisha.

Nilijihisi mwepesi sana. Lakini kabla ya chakula cha mchana akajipapasa tena, akaniuliza vilevile. Nikakiri tena, akanisamehe tena. Leo asubuhi pia.

Baba bado sijamwambia, naogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu nataka mtu mmoja ajue nilichofanya, na kesho awe bado anajua. Ukiweza kunisamehe, itatosha mara moja.

Wasalimie panya.

Binti wa kaka yako