Dokta Masanja Ameanza Kuuliza

Shikamoo Mama,

Ule mgongo umekuachia ulale? Mimi mzima kabisa, na najua hujatulia tangu nilipokupigia nikilia kwamba naacha kazi narudi Songea. Tulia sasa, mama yangu.

Sikukueleza vizuri siku ile. Kuna mama alitufia mezani akijifungua, na kumbe muuguzi mmoja aliona tatizo akanyamaza. Ndipo mganga mkuu akanikabidhi mafunzo ya uongozi kwa timu yetu ya upasuaji. Makabrasha yalitoka mjini. Yanasema muuguzi akiona kosa apaze sauti: "Daktari, simama!" Mama wee! Nani huku Ushirombo atamwambia hivyo Dokta Masanja, mzee mwenye mvi zake? Kwenye igizo la mafunzo tulimchagua Nkwimba, muuguzi wetu mdogo kuliko wote, amsimamishe Dokta. Alimwamkia shikamoo, akaishia hapo. Nikaona basi, mama mwingine atakufa nami nimesimama palepale.

Hasira zilipopoa nikajiuliza, mbona mkubwa akiwauliza wanajibu? Tena kwao kumnyamazia mkubwa aliyekuuliza ndiyo utovu wa adabu. Kumbe nilikuwa namfundisha asiyehusika! Nikamwendea Dokta Masanja, nikamwomba kabla hajashika kisu aulize kila mmoja ameona nini, akianzia na mdogo.

"Hilo tu?" akasema. "Mbona nyumbani nawauliza hata wajukuu."

Wiki iliyopita akaletwa mke wa mchimbaji mmoja, uchungu umekwama, mtoto amechoka tumboni. Mbio kila upande. Dokta ameshavaa glavu, akamgeukia Nkwimba: "Mwanangu, umeona nini?"

Nkwimba akajibu kwa sauti ndogo, "Baba, huyu mama amepauka, damu yake ndogo, na ya kumwongezea haijaletwa."

Kweli haikuwepo! Kila mmoja alidhani mwenzake ameileta. Dokta akasubiri, mtu wa maabara akaja nayo anakimbia. Mama, yule dada alivuja damu nyingi, lakini ya kumwongezea ilikuwa imeshatundikwa. Yuko hai. Mtoto naye yuko hai, na ana makelele huyo! Nilitoka nje nikalia kwa furaha, sikujali nani ananiona.

Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi Dokta akauliza tena, wakasema wote kwa mpigo hadi akapiga meza. "Jamani, na mimi niulizeni basi!"

Halafu Nkwimba, yuleyule, akamuuliza: "Na wewe baba, uliona nini?"

"Niliona ningemuua yule mama," akasema, mbele yetu sote.

Sirudi, Mama. Nitakuja likizo tu, tena nikiwa nimenenepa.

Nisalimie mama mdogo Rehema, mwambie dagaa wake wamefika ila nusu wameliwa na wauguzi. Kaka Yusto na shemeji wanibusie wale mapacha wao. Bibi mwambie bado nasali, asiwe na wasiwasi.

Mwanao anayelala usingizi sasa,
Zawadi